Wapenzi wa kantri: hii ya siku hizi bado ni kantri ama limebaki jina tu?

Kijana_wa_Naks:
Wasee habari zenu. Nauliza na naomba tusitukanane. Hii kantri inayotoka Nashville, ule mji wa Marekani wa studio za kantri, siku hizi bado ni kantri ama wamebakisha kofia na buti tu? Hapa Nakuru kuna baa inapiga kantri kila Jumatano usiku na kila wiki lazima ugomvi uzuke. DJ akiweka Kenny Rogers ama Don Williams wazee wanaimba nao neno kwa neno, akiweka Morgan Wallen meza yao inaanza kununa na sisi vijana ndo tunaamka kucheza. Juzi mmoja akamwambia DJ "hii ni rap imevalishwa kofia." Mimi nimelelewa na zote, babangu alikuwa na kaseti za Jim Reeves na Skeeter Davis ndani ya gari mpaka zikaanza kukwaruza, lakini Luke Combs pia nampenda sana, kwa hivo niko katikati. Ni umri tu unatugawanya ama kuna kitu kimebadilika kweli ndani ya muziki wenyewe? Na tafadhali msiniambie tu "zamani ilikuwa tamu", semeni ni nini hasa.

Mzee_Kericho:
Kijana umeuliza kwa heshima nami nitakujibu hivyo hivyo. Umri haunisumbui, masikio yangu yako sawa. Chukua wimbo wowote wa Hank Williams, yule aliyefariki tarehe 1 Januari 1953 akiwa na miaka 29 tu, kiti cha nyuma cha gari akipelekwa kwenye shoo. Kaa chini usikilize. Utasikia gitaa, besi ile kubwa ya kusimama, fidla (ile vayolini ya kupigwa kienyeji), na gitaa la stili, lile la kulazwa linalotelezeshwa chuma juu ya nyuzi mpaka linalia. Kila chombo unakisikia peke yake na sauti ya mtu iko mbele yenu, ikikwaruza wanaiacha ikwaruze. Sasa weka hizi za leo. Drumu za kompyuta, makofi ya kompyuta, sauti imenyooshwa na mashine mpaka huwezi kujua kama mwimbaji ana mafua ama hana. Fidla iko wapi?

Halafu hadithi. Kuna ule wimbo wa George Jones wa 1980 wa jamaa aliyesema atampenda yule mama mpaka kufa. Unaambiwa aliweka picha yake ukutani, alitunza barua za 1962 karibu na kitanda na kila mahali palipoandikwa kwamba anapendwa alipiga mstari kwa rangi nyekundu, halafu marafiki wanakuja kumwona na wanashangaa anatabasamu, wewe unadhani amepona, kumbe wamekuja mazishi. Dakika tatu na ushee! Leo mtu anaimba pikapu, bia, barabara ya vumbi na msichana wa jinzi, kesho anabadilisha rangi ya pikapu anatoa wimbo mwingine.

Combs_Damu:
Mzee nakuheshimu ila hapo umetuonea. Hata hao wa zamani walikuwa na vitu vyao vinne tu, treni, jela, pombe na mama. Mimi nimezaliwa 2001, niimbiwe treni ya nini? Pikapu ndo treni ya sasa. Na hadithi bado ziko, si unamsikia Zach Bryan, jamaa alikuwa jeshi la maji anajirekodi na simu, ana gitaa na sauti basi, hata hiyo mashine ya kunyoosha sauti hakuwa nayo.

Binti_wa_Mbeya:
Shikamooni wakubwa. Kwetu Jim Reeves ulikuwa ni muziki wa Jumapili, zile nyimbo zake za dini, na mimi Kiingereza sikuwa nakijua hata kidogo ila nilikuwa nalia tu sijui kwa nini. Hizi mpya naelewa maneno yote na silii. Sijui wataalamu mtasemaje hapo.

Halafu ugomvi wenyewe mbona ni ule ule wa zilipendwa na bongofleva, sisi tumeshauzoea.

Fundi_Redio:
Wakuu mimi nimefanya kazi redioni na nimepiga hizi santuri miaka mingi, nitawaudhi pande zote mbili.

Mzee wetu wa Kericho, na wote mnaolilia Jim Reeves. Jim Reeves ndiye aliyekuwa "kantri ya siku hizi" ya wakati wake! Miaka ya katikati ya hamsini Elvis na rokenroli walibeba vijana wote, mauzo ya kantri yakayumba, sasa maprodyuza wa Nashville wakiongozwa na Chet Atkins na Owen Bradley wakaamua kuusafisha muziki uingie sebule za watu wa mjini. Wakatoa fidla. Wakapunguza stili. Wakaingiza vayolini za okestra, kinanda cha polepole na kwaya ya kuitikia nyuma, na wakamwambia mwimbaji asogelee maiki anong'one badala ya kupaza. Jim Reeves na Patsy Cline wanatoka kwenye mpango huo. Inasimuliwa kwamba Atkins alipoulizwa hiyo sauti ya Nashville ni nini hasa, alitia mkono mfukoni akachezesha sarafu zikalia, akasema ndiyo hiyo, yaani pesa. Wakati huo kulikuwa na watu waliokasirika vibaya. Buck Owens kule Bakersfield, California, mwaka 1965 alilipia tangazo gazetini kabisa kuapa kwamba hataimba wimbo usio wa kantri (baadaye viapo vikamshinda kidogo lakini hiyo hadithi nyingine).

Kwa hivyo kile ambacho Kenya na Tanzania tunakiita kantri asilia, ile ya redio ya asubuhi, kwa sehemu kubwa ni ile iliyolainishwa. Ilitufikia vizuri kwa sababu ililainishwa, maneno yanasikika, mwendo ni wa taratibu, unaweza kuicheza kwenye ibada na kwenye harusi. Hank Williams mwenyewe na ile sauti yake ya puani ni wachache sana huku walikuwa wanaomba nimpige, wengi walikuwa wanataka Reeves, Rogers, Dolly na Don Williams. Don Williams alipendwa Afrika mpaka mwaka 1997 akaenda kupiga shoo Harare na ikarekodiwa video.

Na mzee, huo wimbo wa George Jones uliotuwekea, rudi usikilize karibu na mwisho. Vayolini zinapanda na kuna sauti ya mwanamke inapanda nazo. Prodyuza ni Billy Sherrill, ambaye wapenzi wa fidla walikuwa wanamlaumu kwa hizo hizo vayolini. Tena George Jones mwenyewe na Tammy Wynette ndio walioita mastaa nyumbani kwao mwaka 1974 kulalamika kantri inaharibiwa, baada ya Olivia Newton-John, msichana aliyekulia Australia, kupewa tuzo ya mwimbaji bora wa kike na CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani. Mwaka uliofuata Charlie Rich akiwa jukwaani akafungua bahasha, akaona mshindi mkuu ni John Denver, akatoa kibiriti akaichoma ile karatasi mbele ya kamera. 1975 hiyo. Nyie mnagombana baa, wenzenu waligombana kwenye televisheni.

Sasa vijana msifurahi bado. Miaka ile ya 2012 kuendelea, kundi la Florida Georgia Line na wenzao, muziki ulifika mahali pabaya kweli. Kuna jamaa alichukua nyimbo 6 zilizovuma redioni za waimbaji tofauti akazilaza moja juu ya nyingine kwa kompyuta, na zikakaa. Beti inaanza pamoja, kiitikio kinalipuka pamoja, solo la gitaa linaingia pamoja. Itafuteni mtandaoni mtacheka. Huwezi kufanya hivyo na Merle Haggard na Loretta Lynn na Johnny Cash, jaribuni.

Dereva_wa_Dallas:
Naandika nikiwa nimepaki trela Oklahoma nasubiri kupakuliwa mzigo, kwa hivyo mnisamehe makosa. Mimi hizi redio ndo wenzangu barabarani, na niwaambie kitu, hata wenyeji wanalalamika hivo hivo, kila wimbo unarudi baada ya muda mfupi mpaka unauchukia. Stesheni nyingi ziko chini ya kampuni chache na orodha ni moja, ukitoka Texas mpaka Ohio unasikia walewale.

Lakini msidhani ya zamani imekufa huku. George Strait, yule wa gitaa na fidla na shati la kupigwa pasi, tarehe 15 Juni 2024 alijaza uwanja wa Kyle Field kule Texas watu 110,905. Mzee wa miaka 72! Na hakuna moto wala wachezaji, anasimama tu anaimba. Yeye na Alan Jackson ndio mwaka 2000 waliimba ule wimbo wa kwamba kantri imeuawa pale pale mtaa wa studio za Nashville, na redio zenyewe zinazosemwa zikaupiga, na CMA ikaupa tuzo, ajabu ya Musa. Kuna kumbi za dansi huku za mbao, Gruene Hall ipo tangu 1878, watu wanacheza wawili wawili babu na mjukuu. Mimi nilienda nikaona vijana wa miaka 20 wanajua nyimbo za kabla hawajazaliwa. Kwa hivo bwana Combs_Damu huko huko Texas wenzako wa 2001 ndo wanaotaka fidla irudi.

Combs_Damu:
Kaka wewe uko Texas mimi niko Kitengela, acha nisikilize ninachopenda 😂

Mama_Banjo:
Mnaongea kama kantri ilianguka kutoka mbinguni ikiwa na fidla mkononi. Banjo imetoka wapi? Imetoka Afrika, ilivuka na watumwa, ikapigwa na weusi miaka na miaka kabla ya mzungu kuitia kwenye bendi yake. Opry, kile kipindi cha kantri cha redio pale Nashville, kilianza 1925 na mmoja wa mastaa wake wa kwanza ni DeFord Bailey, mweusi, fundi wa kinanda cha mdomo, mwaka 1941 wakamfukuza. Charley Pride, mtoto wa wakulima wa pamba Mississippi, akawa msanii mkuu wa CMA 1971. Sasa 2019 Lil Nas X, rapa mweusi, akaleta wimbo wa farasi, Billboard, wale wapanga chati za Marekani, wakautoa kwenye chati ya kantri wakisema hauna vitu vya kutosha vya kantri, ukaenda chati kuu ukakaa namba moja wiki 19. Nawauliza, Florida Georgia Line, wazungu, walipoimba na Nelly rapa, nani aliwatoa?

Beyoncé naye 2024, kwenye albamu yake ya kantri, amemweka Rhiannon Giddens kwenye banjo, na pia Linda Martell, mwanamke wa kwanza mweusi kuimba peke yake Opry mwaka 1969. Hiyo ni ya zamani ama ni ya sasa? Februari 2025 akachukua Grammy ya albamu bora ya kantri, na miezi michache baadaye waandaaji wakaigawa ile tuzo mara mbili, ya kantri asilia na ya kantri ya kisasa. Wanasema haihusiani. Haya.

Na wanawake pia. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio huko Marekani alisema stesheni zisipige wanawake mfululizo, kwamba wanaume ndio majani ya saladi na wanawake ni nyanya chache za juu. Kwa hivyo mkisema "ya sasa mbaya" mjue mnahukumu kile redio ilichochagua kuwapa. Kacey Musgraves na Margo Price hamjawahi hata kuwataja humu.

Mzee wa Kericho, wewe nakuachia swali lako. Hugh Tracey, yule mzungu aliyekuwa anarekodi muziki wa Afrika, alipokuja kurekodi Kapkatet mwaka 1950 si alikuta wasichana wa Kipsigis wanamwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa mwanzo kabisa, wanamwita Chemirocha, nusu mtu nusu mnyama? Santuri zake zilifika kwenu mapema. Hao wasichana walikuwa wanaimba kantri ama si kantri?

Mzee_Kericho:
Chemirocha naijua mama, tena vizuri kuliko hao wa vitabu. Ile ni kantri. Kinubi chetu kinapigwa na mkono wa mtu na wale wasichana wanapumua katikati ya mstari unasikia. Umenisaidia hoja yangu.

Na wewe Fundi, vayolini za George Jones nilizisikia tangu siku ya kwanza. Zinapanda lini? Jamaa akishakufa. Kabla ya hapo zimetulia. Zina kazi pale, ndiyo maana hata nywele zinasimama. Sikusema vayolini ni haramu, nilisema kila chombo kiwe na kazi yake. Niambie hayo makofi ya kompyuta yanafanya kazi gani kwenye wimbo wa mtu aliyeachwa na mke. Anapigiwa makofi ya nini?

Habari ya Jim Reeves kulainishwa sawa, nakubali walimpaka mafuta. Lakini sauti ilikuwa yake.

Fundi_Redio:
😂😂 Mzee hilo la makofi sina jibu.

Kijana_wa_Naks:
Uzi umekuwa mtamu kuliko nilivyotarajia. DJ wetu nimemtumia link. Sasa nipeni wasanii wa leo ambao naweza kuomba Jumatano na meza zote mbili zikae. Sio kumi, wachache tu.

Dereva_wa_Dallas:
Chris Stapleton hawezi kukosa. Tyler Childers wa Kentucky, huyo 2020 alitoa albamu karibu nzima ni fidla bila kuimba. Cody Johnson, Zach Top. Mama_Banjo ameshasema Margo Price.

Combs_Damu:
Na Luke Combs kwa ule wimbo wa Tracy Chapman wa 1988, Fast Car. Hapo hakuna mzee atakayenuna, wote wanaujua, na Tracy kama mtunzi akachukua tuzo ya CMA ya wimbo wa mwaka 2023, mtunzi mweusi wa kwanza kuipata.

Mzee_Kericho:
Huyo Childers mjukuu wangu amenifungulia sasa hivi kwa simu. Fidla iko. Stili iko. Lakini mbona anaimba kama amekanyagwa mguu? Nitamsikiliza mara ya pili kesho, na huyo Cody Johnson pia, kama ana za polepole maana mke wangu hapendi kurukaruka.

Dereva_wa_Dallas:
Anazo mzee, nyingi. Nimeitwa mlangoni kupakuliwa, ntarudi usiku niwatumie majina.