Nimeeleza mtambo dakika 40, gazeti limeandika "mrembo"

Wadau, nina hasira na sitaki kuzificha.

Mimi ni mhandisi wa maji. Mwandishi wa gazeti alikuja kazini kwetu, nikamtembeza kwenye mtambo wa kusafisha maji ambao nimeusimamia tangu unachimbiwa msingi. Dakika 40 nzima nikamweleza machujio, dawa, nguvu ya pampu. Akawa anaandika neno moja moja. Mwishoni akauliza: "Mumeo anaichukuliaje kazi hii? Watoto unawaacha na nani?" Hapo ndipo kalamu ilipoanza kukimbia.

Habari imetoka. "Mrembo asiyeogopa matope." Aya ya kwanza watoto wangu, ya pili nywele zangu. Mtambo umeachiwa mistari mitatu chini kabisa, na anayeuelezea ni msaidizi wangu wa kiume, kaitwa "mtaalamu". Mimi mrembo, yeye mtaalamu. Kijana wa watu kanipigia simu kuniomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

Na msiniambie ni gazeti moja la hovyo. Yvonne Brill alibuni injini ya kuifanya setilaiti isitoke kwenye njia yake, na mwaka 2011 Rais Obama akamvisha nishani ya taifa ya teknolojia. Alipofariki 2013, New York Times ilifungua tanzia yake kwa mapishi yake ya nyama, jinsi alivyomfuata mumewe kila alikohamia kikazi, na miaka minane aliyoacha kazi kulea watoto. Wasomaji walipokuja juu, mtandaoni wakaondoa nyama. Mume wakamwacha palepale, sentensi ya kwanza. Mwaka 2016 Corey Cogdell alipata shaba ya kulenga shabaha kwenye Olimpiki ya Rio, na Chicago Tribune ikatangaza Twitter kwamba mke wa mchezaji wa Bears, timu yao ya mpira wa Kimarekani, kashinda medali. Jina lake hawakuliweka kabisa!

Sasa geuza upande wa pili, ndio unaoninyima usingizi. Mwanamke akifanya la maana, mwanamume atatafutwa popote alipo aingizwe kwenye kichwa cha habari. Mwanamume akimfanyia mwanamke unyama, hapo hapo anayeyuka. "Abakwa akitoka kazini." "Auawa usiku wa manane." Kabaka nani? Kaua nani? Hakuna mtu. Na siku akitajwa, anakuja na utetezi ameshaandaliwa: "wivu wa mapenzi". Mtu kamkatakata mkewe kwa panga, mwandishi anaona mapenzi! Anayeua kwa sababu ya deni mbona hatuambiwi ni uchungu wa fedha? Kisha inafuata alivaa nini, alikuwa anatoka wapi saa zile, na picha yake ya sherehe iliyochukuliwa kwenye ukurasa wake bila kuuliza ndugu. Maiti ndiyo inayohojiwa, muuaji katulia.

Wapo wanaohesabu mambo haya. Mradi wa kimataifa wa GMMP, unaofuatilia habari kila baada ya miaka mitano, ulikuta mwaka 1995 wanawake ni asilimia 17 ya watu wanaozungumziwa au kuhojiwa kwenye habari. Mwaka 2020 ni asilimia 25. Robo, baada ya robo karne. Na humo ndani ya robo ndimo tulimo mimi na nywele zangu.

Nilipiga simu chumba cha habari. Mhariri aliyepitisha kichwa kile ni mwanamke mwenzangu, na hilo limenichoma kuliko yote. "Lakini dada, tulikuwa tunakusifia." Nikamwambia sikuomba sifa. Nataka jina langu, cheo changu na kazi niliyoifanya viwe aya ya kwanza, na marekebisho yatoke ukurasa uleule, kwa herufi zilezile kubwa.

Alisema atanipigia. Leo siku ya tatu.