Picha za Sammy Baloji: maelezo yatangulie, au sura za watu zitangulie?

Mratibu_Ilala

Habari zenu wakuu. Tunaandaa maonyesho madogo hapa Dar kuhusu Katanga, eneo la migodi ya shaba kusini mashariki mwa Kongo, na ukuta mkubwa tumeutenga kwa picha za Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi. Hasa zile za "Mémoire", za kati ya 2004 na 2006. Kwa asiyezijua: alipiga picha za rangi za mitambo iliyokufa ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo: vyuma vyenye kutu na viwanja vitupu. Kisha akachukua watu wa kwenye picha za zamani zisizo na rangi, vibarua wa Kiafrika na mabwana wa Kibelgiji, akawasimamisha katikati ya magofu hayo. Wengine wanakutazama usoni kabisa.

Mwenzangu anataka ubao mkubwa mlangoni: Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyoitangulia Gécamines, kuanzishwa 1906, mali kutaifishwa miaka ya 1960, hadi kampuni kuporomoka. Mimi nataka mgeni akutane na sura za watu kabla ya neno lolote. Nimewaona wageni wetu miaka yote hii. Wakikuta maandishi marefu huyasoma kwa adabu yote, halafu wanapita mbele ya picha haraka, kama walishamaliza kazi iliyowaleta. Ila nakubali kwamba asiyejua lolote anaweza kuona ni utundu wa kompyuta tu, basi.

La pili linaninyima usingizi. Tunafikiria kuongeza "Congo Far West". Humo Baloji alichukua picha za watu zilizopigwa kwenye msafara wa afisa wa Kibelgiji Charles Lemaire huko Katanga, 1898 hadi 1900, akaziweka juu ya michoro ya rangi ya maji ya msanii wa msafara uleule, Léon Dardenne. Watu wale walipangwa mbele ya kamera ili wapimwe na kuainishwa. Wanafunzi watapita hapo kila asubuhi. Je, tukiwatundika tena hatuwadhalilishi mara ya pili?

BintiKisauni

Dada, mimi nianze na vipimo, maana vinaamua mengi. Wengi tunatundika katikati ya picha iwe kwenye sentimita 150 hivi toka sakafuni. Kwa hizi ndefu za kulala usifuate hiyo. Pima macho ya yule mtu aliyesimamishwa ndani ya picha, uyalete usawa wa macho ya mgeni, hata kama picha itashuka. Na vioo vya kawaida viepuke, la sivyo mgeni atajiona yeye na taa za dari.

Maelezo yachape kwenye karatasi ya kushika mkononi. Anayetaka atachukua.

Mutoto_ya_Lshi

Jambo yenu bandugu. Baba yangu alitumika Gécamines, kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Karatasi ya mkononi haitoshi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, ukaitwa kuondoka kwa hiari. Kampuni iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000 muongo uliofuata, baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka 1990. Na haikuwa mishahara tu. Shule ilikuwa ya kampuni, hospitali ya kampuni, unga wa nyumbani wa kampuni. Baloji alianza kazi hii mwaka mmoja tu baada ya baba zetu kurudishwa nyumbani. Mgeni asipolijua hilo, ataona magofu mazuri ya kupendeza macho, na hilo litaniuma sana.

Lakini msiandike pia kwamba zamani ilikuwa neema. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma mjini kwetu Lubumbashi, wakakusanyika uwanja wa mpira, askari wakawafyatulia risasi. Kibarua wa picha ya zamani anayesimama kwenye gofu anabeba yote mawili: anauliza kazi imeenda wapi, na anakumbusha kazi yenyewe ilikuwa ya namna gani. Ubao unaoeleza moja tu unamsaliti.

Pendekezo langu: maneno machache chini ya kila picha, si ubao mlangoni. Na kwa watu wa Dar anzieni na malori. Shaba yetu inapita Tunduma hadi bandarini kwenu, kila mmoja ameshakaa nyuma ya lori hilo kwenye foleni.

Kuhusu wale wa msafara wa Lemaire, waonyesheni, ila wachache, na kwenye ukuta wao wenyewe. Baloji aliwatoa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, walikokuwa vielelezo, akawarudisha kwenye mandhari ya nchi yao. Mkiwaficha watabaki Tervuren. Na mwalimu azungumze na watoto kabla hawajaingia.

Mratibu_Ilala

Ndugu wa Lubumbashi, asante sana. Mwenzangu amesoma hapa na tumekubaliana: mlangoni hakuna ubao, picha ya kwanza ni sura, halafu sentensi tatu au nne chini ya kila picha, mgomo wa 1941 na kuachishwa kwa 2003 vikiwa kwenye ukuta mmoja. Malori nimeyapokea kwa mikono miwili.

Congo Far West tutaomba mbili, zikae chumba cha nyuma, na hakuna kundi la shule litakaloingia bila mtu wetu kukaa nao kwanza. Binti Kisauni, kipimo chako nimempa fundi leo. Sasa naomba aliyewahi kusafirisha picha ndefu kwa ndege aniambie: mlizibeba zikiwa zimekunjwa kwenye bomba, au mlichapa upya huku kwa idhini ya msanii?