Naomba ushauri: kwa nini sesiamu kloridi haiitwi BCC (muundo wa mchemraba wenye atomu kwenye kona na nyingine katikati)?

Habarini wakuu, naombeni msaada kwa wanaoelewa kemia ya solidi, hasa hizi yuniti seli (kile kipande kidogo kinachojirudia ndani ya fuwele), maana hapa nimekwama kabisa na nataka nielewe sio kukariri tu.

Chuma hakinisumbui. Ni BCC, kona 8 kila moja inachangia moja ya nane, jumlisha atomu ya katikati unapata atomu 2, ukiweka upande wa pikomita 287 densiti inatoka kama 7.87 g/cm³, safi.

Sasa njoo sesiamu kloridi, ukiangalia mchoro kloridi ziko kwenye kona na sesiamu katikati ya mchemraba, yaani picha ni ileile ya chuma, lakini vitabu vinasema ni kubiki ya kawaida (simple cubic) wakati wenzangu wa diskasheni wote wanaiita BCC. Nimepiga hesabu kwa upande wa pikomita 412 na Z = 1 (idadi ya CsCl kwenye yuniti seli moja), densiti imekuja karibu 4.0 na ndiyo yenyewe, ukiweka 2 inatoka 8. Kwa hiyo hesabu inakubali ila sababu ndio siioni.

Naomba kujua, je, ni kwa kuwa ile ioni ya katikati ni tofauti na za kona au kuna kingine?

Halafu kwenye ulalo wa mchemraba (kona hadi kona kupitia katikati), nikijumlisha rediasi ya sesiamu 167 na ya kloridi 181 napata pikomita 348 wakati nusu ya ulalo ni kama 357, je, rediasi ya sesiamu inabadilika ikizungukwa na majirani 8 badala ya 6?