Mzee anataka opera kwa tivii na hakuna stesheni inayoonyesha, nifanyeje?

MwanaMaweni
Hamjambo wadau. Naomba ushauri na tafadhali mkicheka mcheke mkimaliza kunisaidia. Niko hapa Malindi, Maweni, naishi na babangu. Mzee alikuwa mpishi wa Mtaliano mmoja kule Casuarina miaka na miaka, na yule bwana alikuwa na dishi kubwa uani, jioni ni Rai tu, ile tivii ya Italia, akishakula anafungulia muziki wa fidla na wale watu wanaoimba kwa sauti mpaka glasi zinalia kabatini, babangu yuko jikoni anakaanga samaki huku anasikiliza. Tajiri ameuza nyumba karudi kwao, mzee naye karudi nyumbani na huo ugonjwa.

Sa hivi miguu imemkatalia. Anashinda sebuleni na rimoti, anazungusha dekoda ya bure kuanzia stesheni ya kwanza mpaka ya mwisho akitafuta "wale wa fidla". Anapata siasa, mahubiri, tamthilia za ng'ambo zilizotiwa sauti, mieleka, alafu siasa tena. Usiku ananiuliza, "Leo pia hawakuweka?" utadhani ratiba napanga mimi. Simu haitaki, macho yana mtoto wa jicho na ile skrini anaona ni mchezo wa watoto.

Je, kuna stesheni yoyote ya bure au ya bei ya kueleweka inayoonyesha huu muziki? Na kuna wimbo mmoja anauimba kila siku akioga, siujui jina, mwisho wake anapanda juu kabisa "vinchero, vincheeero" mpaka jirani anagonga ukuta. Alafu hili nauliza tu, stesheni ya umma si ndo ingefaa kuweka vitu kama hivi, hata saa moja Jumapili mchana?

KijanaWaBarani
Opera Malindi 😂😂 pizza tumekula, Kitaliano tunaongea, sa hii imebaki opera. Mpe mzee salamu zangu, huyo ni wetu.

AmiNgomeni
Huo wimbo ni Nessun dorma, uko ndani ya opera ya Turandot ya Puccini. Ukimchezea mzee atakuambia papo hapo. Kombe la Dunia la 1990 kule Italia BBC waliufanya wimbo wa kufungulia matangazo yao, anaimba Pavarotti, na siku moja kabla ya fainali Pavarotti, Domingo na Carreras wakaimba pamoja Roma kwenye magofu ya Caracalla, ikaonyeshwa kwa tivii nchi kibao. Mimi mwaka ule akili yangu yote ilikuwa kwa Roger Milla, yule mchezaji wa Kameruni, kwa hivyo sikushughulika na mtu wa kuimba. Puccini mwenyewe alikufa 1924 hajaimaliza hiyo opera, Alfano ndo akaimalizia, ikachezwa mara ya kwanza Milano 1926.

Na jirani mwambie hapo kwa vinchero ndipo penyewe pa kupaza sauti, avumilie.

MlipaUshuru
Samahani mimi ntakuwa tofauti. Muziki wa Wazungu uwekwe kwa stesheni inayoendeshwa na ushuru wangu, kwa nini? Kwao wana tivii zao. Sisi vya kwetu vyenyewe havionyeshwi.

BintiLangoni
@MlipaUshuru hapo mwisho umesema kweli, hapo mwanzo sikubaliani. Mimi niko Lamu. Zein l'Abdin, yule mwanataarab, ni mzaliwa wa huku, udi ule mikononi mwake ulikuwa unaongea, kafariki 2016. Mwenzake wa taarab, Juma Bhalo, katangulia 2014. Hebu niambie ni lini mara ya mwisho umekaa ukaona tivii yoyote imeonyesha mmoja wao akipiga wimbo mzima, kuanzia udi unapotia sauti peke yake mpaka ubeti wa mwisho, bila kukatwa katikati kupisha tangazo la sabuni? Mimi sikumbuki.

Na haikuwa hivi zamani. Enzi za Sauti ya Mvita kule Mombasa redio ilikuwa inawaita watu wa taarab studio wanapiga laivu. Na wazee wetu huku walikuwa wanatega redio Cairo, Alhamisi ya kwanza ya mwezi, Umm Kulthum anaimba wimbo mmoja unafika saa nzima na zaidi, redio ya serikali inarusha wote na mtu habanduki. Nyanyangu anasema siku hiyo chakula kilikuwa kinapikwa mapema. Yaani serikali ya Misri iliamua huu ni muziki mkubwa, watu wapewe, basi ukafika mpaka Lamu kwenye redio ya betri. Kwa hivyo usimnyime babake fidla eti kwa sababu taarab haipo. Vyote viwili vimeondolewa kwa tivii na mkono mmoja, vyote vinahitaji mtu atulie asikilize, na tivii ya leo haitaki utulie.

MlipaUshuru
Sawa dada nimekusikia. Lakini taarab ianze.

BintiLangoni
Ianze, nani kakataa 😀

ZamaniKamera
Nimefanya kazi ya kamera za tivii kwa hivyo niwaeleze kwa nini hamtaiona, si roho mbaya. Okestra kamili ni watu themanini na zaidi. Huwezi kuweka maikrofoni moja ukaenda kunywa chai, unahitaji nyingi na mtu wa kuzichanganya, na kamera kadhaa, na wenzetu wanamkalisha pembeni ya dairekta mtu anayesoma nota aseme mapema "sasa tarumbeta inaingia" ndo kamera iwahi. Ukikosa huyo utamwonyesha mpiga fidla amekaa kimya wakati filimbi ndo inalia. Alafu simfoni ya tisa ya Beethoven ni kama dakika 70, tangazo utaliweka wapi?

Ukisema basi nunua iliyokwisha kurekodiwa, Beethoven alikufa 1827 hadai mtu, lakini okestra iliyompiga na waliorekodi wana haki zao na bei yao. Ulaya stesheni za umma zina umoja wao wanapeana vipindi. Ile konsati ya mwaka mpya ya Vienna iko kwa tivii tangu 1959 na siku hizi inarushwa nchi zaidi ya 90. Uingereza, BBC inabeba yale matamasha ya Proms tangu 1927, lakini kule mwenye kutazama tivii analipa leseni, na pesa hiyo ndo inaendesha shirika. Huku stesheni ya umma inakimbizana na za watu binafsi kwa matangazo yaleyale. Ukimpelekea meneja wa vipindi opera ya masaa matatu atakuuliza mdhamini ni nani, na huna.

TichaSolfa
Nakubali pesa ni shida ila mimi hii kitu inaniuma kazini. Nafundisha muziki sekondari hapa kaunti ya Kilifi. Kwa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, mtoto anatakiwa kuchambua kazi ya Kiafrika na kazi ya Kizungu, aseme hapa ni ala gani, hapa mdundo umebadilika vipi. Sasa mtoto wa Magarini ambaye hajawahi kuona obo, ile ala ya kupuliza, hata kwa picha inayotembea, namwambia "sikiliza obo" ananitazama tu, kwake yote ni filimbi. Kwenye mashindano ya Kenya Music Festival, ambayo yako tangu 1927 jamani, watoto wetu wanaimba nyimbo za watunzi wa Ulaya kwa sauti nne na wanashinda. Na Korogocho kule Nairobi kuna Ghetto Classics, watoto wa mtaa huo wanapiga fidla na chelo kwelikweli. Kwa hivyo @MlipaUshuru hii si ya Wazungu pekee tena, iko kwa mtihani wa mwanao. Serikali inatahini kitu ambacho stesheni yake haionyeshi.

Marekani kulikuwa na Leonard Bernstein, kuanzia 1958 mpaka 1972 alikuwa anasimama mbele ya okestra kwa tivii anawaeleza watoto muziki unavyofanya kazi. Na ilikuwa stesheni ya biashara, CBS, si hata ya umma. Mimi ningepata nusu saa ya namna hiyo kwa mwezi, nusu yake udi na nusu yake fidla, sitaki zaidi.

FundiDishi_MLD
Sasa turudi kwa mzee maana mmeacha mgonjwa mnagombania daktari. @MwanaMaweni mimi ni fundi wa madishi, nakuambia kitu kitakachokuokolea pesa: usikubali mtu akuuzie dishi kubwa eti "utapata za Italia zote". Ufungaji ni ghali, chumvi ya bahari inakula vyuma, na huna hakika kesho hiyo stesheni itakuwa wazi au imefungwa. Kuna stesheni ya Kifaransa inaitwa Mezzo, hiyo ni klasiki, opera na jazi mchana na usiku, lakini ni ya kulipia, kwa hivyo muulize ajenti kama iko kwa kifurushi chake KABLA hujatoa hata shilingi, akijibu "nafikiri iko" ondoka.

Dawa yako ni intaneti iingie kwa tivii ileile. Nunua kale kaboksi ka Android kanakochomekwa kwa HDMI, mwekee YouTube, hapo mtafutie OperaVision, wanaweka opera nzimanzima bure na maandishi chini, DW Classical Music, na hr-Sinfonieorchester ambayo ni okestra ya redio ya Frankfurt, hao wanaweka simfoni mpaka mwisho. Okestra ya stesheni ya umma hiyo, wamelipiwa na Wajerumani nasi tunatazama bure, tusilalamike sana.

Shida ni bando. Vidio ya ubora wa kati itakula nusu GB na zaidi kwa saa. Kama siku hiyo hamna pesa weka redio tu, Radio Swiss Classic haina matangazo, kwa 128 kbps ni kama MB 60 kwa saa.

MwanaMaweni
Asanteni sana wallahi. @FundiDishi_MLD tivii yenyewe ni ya zamani kidogo, HDMI iko ila mwanga wake unacheza, na tundu la flashi liko pembeni. Na boksi mzee ataliweza kweli? Rimoti ya pili hiyo.

FundiDishi_MLD
Kama kuna tundu la flashi anza na flashi, boksi utanunua mwisho wa mwezi. Internet Archive kuna santuri za Caruso, yule mwimbaji wa Napoli aliyekufa 1921, rekodi za zamani sana unashusha bila wasiwasi. Hakikisha ni MP3, tivii za zamani zinagoma na mafaili mengine. Majina yape namba, 01, 02, zitajipanga zenyewe, mzee abonyeze kitufe kimoja tu. Kisha chukua utepe mweupe ubandike kwenye hicho kitufe akione na hayo macho.

AmiNgomeni
Ila kwa Caruso usitafute Nessun dorma, alikufa kabla haijaimbwa. Hiyo ya Pavarotti iko YouTube, mchezee kwa simu yako uunganishe na spika.

MwanaMaweni
Nimemchezea Pavarotti sa hii. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha kaniambia yule Mtaliano alikuwa anaweka kwa sauti kubwa kuliko hivi na spika yangu ni mbovu 😅 Jumamosi naenda kwa jirani mwenye waifai nishushe za Caruso.

TichaSolfa
Ukishajaza hiyo flashi nitafute, nina ya kwangu tupu hapa na kidato cha tatu wananisubiri.

KijanaWaBarani
Na jirani wa ukutani mnunulieni pamba za masikio.