Mwenye farasi anataka aisome habari yangu kabla haijatangazwa. Nimkubalie?

Ripota wa Jumapili (Nairobi)

Hamjambo wote. Ninaripoti michezo katika redio moja ndogo hapa Nairobi. Siku nyingi ni kandanda na riadha, lakini roho yangu iko Ngong kwenye mbio za farasi, na mhariri ameniachia uwanja ule kwa sababu hakuna mwingine ofisini anayeutaka.

Yuko mwenye farasi mmoja, sitamtaja, ambaye amenitendea wema mwingi. Alinitambulisha kwa mkufunzi wake, akaniruhusu kuingia bandani, na farasi wake akishinda mimi ndiye wa kwanza kupigiwa simu, kabla ya magazeti.

Juzi Alhamisi nilikwenda alfajiri kutazama mazoezi. Farasi wake aliyetarajiwa kushinda Jumapili alikuwa anarudishwa bandani kwa mwendo wa kawaida. Kila ukwato wa mbele wa kushoto ukigusa chini, kichwa kinanyanyuka, anachechemea. Saisi, yaani mtunza farasi, akamsimamisha, akauinua mguu, akachungulia chini ya ukwato, kisha akamwongoza pole pole hadi ndani. Nikampigia simu mwenye mali saa ile ile. Akasema, "Yu mzima kabisa." Ijumaa nikatangaza vyote viwili: nilichokiona na alichokisema. Hakufurahi. Jumapili farasi akaondolewa mbioni, na mwenyewe hakutaka kutaja sababu.

Sasa naandaa kipindi kirefu: je, mtu aliyetia dau ana haki ya kujua farasi anaumwa? Nimemwomba mwenye farasi azungumze. Amekubali, kwa sharti moja: nimtumie maandishi yote kwanza, na asichokipenda kitoke. Ameniambia bila wenye farasi hakuna mbio, na bila mbio mimi sina cha kuripoti. Mhariri anasema niamue mwenyewe. Nikikataa, ule mlango wa bandani nao nitafungiwa. Waliowahi kuwa karibu na kazi hii, nishaurini.

Shabiki wa Nakuru

Kaka, mtumie asome. Tuangalie nani anagharamia huu mchezo. Nyasi kavu na shayiri analipa yeye. Mtu wa viatu vya farasi analipa yeye, daktari wa mifugo yeye, mkufunzi kila mwezi yeye, mshahara wa saisi unatoka kwake. Zawadi ya ushindi mara nyingi hairudishi hata nusu ya hayo. Anayafanya kwa mapenzi. Halafu aamke Ijumaa asikie redioni kwamba farasi wake anachechemea, wanunuzi wasikie, na washindani wasikie. Ile ni mali yake, na afya ya mali yake ni siri yake. Klabu za kandanda zenyewe huficha majeraha ya wachezaji na hakuna anayelia. Ukimvunja moyo akauza farasi wake, wewe utabaki na kandanda, na sisi tunaopenda farasi tutabaki na uwanja mtupu.

Saisi Mstaafu (Dagoretti)

Mwanangu Ripota, soma pole pole, maana nimekaa ndani ya mabanda hayo maisha yangu yote ya kazi, tangu kijana wa kuchota maji hadi magoti yaliponikatalia.

Kwanza usiamini haraka kwamba tajiri wako alikudanganya. Nikueleze habari ya mguu inavyosafiri. Saisi ndiye anayejua wa kwanza. Alfajiri kabla ya chakula unapitisha mgongo wa mkono wako kutoka gotini kwenda chini, nyuma ya mfupa, pale penye ule mshipa mkubwa. Mgongo wa mkono unasikia joto kuliko kiganja. Unalinganisha na mguu wa pili. Pakiwa na joto, unamwambia mkufunzi. Mkufunzi anasema tungoje kidogo. Mchana anamwita daktari. Jioni ndipo anampigia mwenye farasi, na hapo maneno yanakuwa yamelainishwa: "Amejikwaa kidogo tu, bwana." Kwa nini? Kwa sababu mwenye farasi akichukia anaweza kutuma gari la kubebea farasi kesho yake na kuwahamishia wote kwa mkufunzi mwingine. Nimewahi kuona banda likibaki tupu kwa siku moja, na masaisi tukabaki tumeshika ndoo, hatuna kazi. Mkufunzi anaogopa. Basi ukimpigia tajiri asubuhi ya saa kumi na mbili na nusu, yawezekana kweli yeye ndiye wa mwisho kujua.

Kwa hiyo jibu langu: usimpe asome. Lakini usianze na yeye. Nenda kwa mkufunzi, umuulize ana kwa ana, ukiwa umesimama mbele ya farasi. Ni vigumu sana kuficha mguu mtu akiwa anautazama.

Na hili nakuomba kama mzazi: yule saisi uliyemwona akiinua mguu, usimtaje kabisa. Usimtaje jina, usiseme wala rangi ya kofia yake. Wewe ukikosana na tajiri utakosa chai na simu. Yeye atakosa chumba anacholala na watoto wake, maana saisi wengi hulala pale pale penye farasi.

Shabiki wa Nakuru, ndugu yangu, mali ni yake, sikatai. Lakini akishamwandikisha mbioni na watu wakaruhusiwa kumtilia dau, ule mguu haukuwa wake peke yake tena.

Ripota wa Jumapili

Mzee, asante sana. Hilo la saisi nimelishika, jina lake halimo na halitakuwamo. Hilo la mwenye farasi kuwa wa mwisho kujua halikunijia kabisa, na linabadilisha swali nitakalomuuliza.

Mkisauni (Dubai)

Mimi ni mtu wa Kisauni, nafanya kazi ya mabandani huku Dubai. Uwanja wa Meydan hauna dirisha la kubeti, lakini magazeti ya mbio tunayasoma kila siku na ubishi wake ni mkubwa. Kaka Ripota, hilo ombi la tajiri wako lina historia ndefu.

Chukua Charles Howard wa San Francisco, aliyetajirika kwa kuuza magari ya Buick, ndiye mwenye farasi maarufu wa Marekani, Seabiscuit. Alipenda waandishi nao wakampenda. Mei 1938 farasi wake alikuwa apambane na farasi mwingine bingwa, War Admiral, wao wawili tu, uwanja wa Belmont, New York. Nchi nzima inangoja. Magoti ya Seabiscuit yakasumbua. Howard akamtoa zikiwa zimebaki siku chache, akasema wazi kwamba farasi hayuko sawa. Lawama zikamwagika, akazibeba. Novemba 1 mwaka huo huo wakakutana Pimlico, Baltimore, na inakadiriwa watu milioni 40 walisikiliza redioni Seabiscuit akishinda kwa urefu wa farasi wanne. Ile lawama ya Mei haikuwafukuza watu, waliongojea wakaendelea kungojea. Sasa ajabu ni kwamba mkufunzi wa banda hilo hilo, Tom Smith, aliwakimbia waandishi. Alikuwa na farasi mwingine anayefanana na Seabiscuit, aitwaye Grog, akimtoa yeye mazoezini ili waliokuja na saa zao wapime kasi ya farasi asiye mwenyewe! Mzee Saisi amesema kweli, banda moja lina watu wengi na kila mmoja ana hofu yake.

Hiyo hoja ya "bila sisi hamna kazi" nayo ilishafika mbali zaidi ya hapo. Mwaka 1986 Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, mmoja wa wenye farasi wakubwa duniani, alianzisha gazeti zima la mbio Uingereza, Racing Post. Baadaye uendeshaji ukaenda kwa wengine. Aprili 2013 mkufunzi wa Godolphin, banda la Sheikh mwenyewe, Mahmood Al Zarooni, alifungiwa miaka 8 baada ya farasi 11 wa banda lake la Newmarket, Uingereza, kukutwa na dawa za kuongeza misuli. Racing Post iliiandika kashfa ile kwa kirefu kama magazeti mengine. Sheikh akatoa tamko kwamba ameshtushwa, na akaamuru banda lile lifungwe hadi farasi wote wapimwe. Huyo ndiye aliyelianzisha gazeti, na habari ilitoka. Tajiri wako yeye amekunywesha chai tu.

Kitu kimoja ambacho tajiri wako ana haki nacho ni nafasi ya kusema. Juni 2014 farasi California Chrome, aliyekuwa ameshinda mbio mbili za kwanza kati ya tatu kubwa za Marekani, alishindwa ya tatu, Belmont, akakosa taji la zote tatu. Mmoja wa wenyewe wawili, Steve Coburn, akawaka mbele ya kamera za NBC, akawaita waoga wenye farasi waliozikwepa mbio mbili za kwanza, wakaja Belmont na farasi wasiochoka. Baada ya siku mbili akarudi kwenye runinga akaomba radhi, na runinga ikamrusha vile vile. Mwenzake Perry Martin alikuwa mtu wa kukaa kimya, na hakuna aliyemlazimisha kusema. Kwangu mimi hiyo ndiyo haki: anayetaka kusema apewe kipaza sauti siku ya hasira na siku ya radhi, asiyetaka aachwe. Kalamu yako asiishike yeyote kati yao. Farasi mwenyewe alikuja huku kwetu Machi 2016 akashinda Dubai World Cup, na kelele zile za Belmont hazikumpunguzia mpenzi hata mmoja.

Jambo la mwisho. Uingereza tangu 2018 mkufunzi lazima atangaze kama farasi amefanyiwa upasuaji wa njia ya hewa, na alama inawekwa kwenye kadi ya mbio, ile orodha ya farasi wanaokimbia, wabetiji waione. Pia mwenye farasi haruhusiwi kuweka dau farasi wake ashindwe. Maana yake wenzetu walishaona kwamba mwili wa farasi ni habari ya watu wote. Nenda kwa wasimamizi wa mbio hapo Ngong, uwaulize utaratibu wao wa kutangaza majeraha ukoje, uutangaze ulivyo. Kipindi chako kitakuwa na uzito kuliko ugomvi wako na mtu mmoja.

Shabiki wa Nakuru

Mkisauni umenigusa hapo kwa Howard. Bado nasema mwenye farasi anahitaji ulinzi fulani, maana redio ikikosea neno moja, bei ya farasi inashuka na hakuna wa kumfidia. Kuna njia ya kati? Asisome habari yote, lakini asomewe maneno yake mwenyewe aone kama yamenukuliwa sawa.

Ripota wa Jumapili

Hiyo nitaikubali. Nitamrekodi, nitamsomea nilichomnukuu yeye tu, na kama kuna jambo la kitaalamu kuhusu mguu nitalipeleka kwa daktari wa mifugo alihakiki. Mengine hataona mpaka yatoke. Nimeshamwandikia hivyo jioni hii, kwa heshima zote, na nimemshukuru kwa aliyonifanyia. Kesho asubuhi nitawatafuta wasimamizi wa mbio. Mzee, nimfuate mkufunzi siku gani?

Saisi Mstaafu (Dagoretti)

Nenda siku ya kwanza baada ya mbio, asubuhi watu wakishamaliza kulisha. Farasi waliokimbia wanakuwa wanatembezwa tu, naye mkufunzi ana nafasi ya kuongea. Usifike na kifaa cha kurekodia kikiwa kimewaka, kitoe akikubali.

Na umuulize kama ilikuwa jipu la ndani ya ukwato. Ulivyoeleza, farasi kuchechemea ghafla hivyo na saisi kwenda moja kwa moja kuchungulia chini badala ya kupapasa mguu, mimi nadhani ni hilo. Linafunguliwa kwa kisu cha kwato ili usaha utoke, mguu unalowekwa kwenye maji ya moto yenye chumvi, unafungwa vizuri, na mara nyingi kwa siku chache farasi anakanyaga sawa. Kama ni hivyo, waambie wasikilizaji wako pia, maana atarudi kwenye kadi karibuni na watu watataka kujua kama wamwamini.