Mrejesho: Madai ya talaka na nyumba yenye jina la mume

Ndugu zangu, niliuliza kama mke asiye na mshahara, aliyefunga ndoa kanisani, anaweza kwenda mahakamani moja kwa moja kudai talaka, na kama ana haki katika nyumba iliyoandikwa jina la mume. Nawashukuru mlionijibu.

Karani wa Mahakama ya Mwanzo alizipitia karatasi zangu, kisha akauliza, "Mama, hati ya baraza iko wapi?" Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinazuia kufungua shauri la talaka kabla Baraza la Usuluhishi wa Ndoa halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa, isipokuwa katika mazingira machache, kwa mfano mwenza aliyetoroka na asiyejulikana alipo. Nikaenda kwenye baraza hilo; mume wangu aliitwa, akafika na kaka yake, akasema hana la kuzungumza. Mwenyekiti akajaza hati na kugonga muhuri.

Kuhusu nyumba, kifungu cha 114 kinaitaka mahakama ipime mchango wa kila upande, na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo ni mchango. Walioniahidi nusu kwa nusu walikwenda mbali mno, kwani Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao.

Shauri limekwisha kufunguliwa, nami sasa ninakusanya risiti za mabati na saruji nilivyonunua kwa fedha za genge langu la mboga.