Naomba ushauri: mume wangu ni dereva wa treni, na usingizi wake unanitisha

Habari zenu ndugu zangu. Mume wangu anaendesha treni ya mizigo, mwaka wa 11 sasa. Tangu atolewe zamu ya mchana apelekwe ya alfajiri, amechoka mno. Usiku anakoroma, mara kimya, hapumui kabisa. Nahesabu hadi 15, 20, ndipo anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Juzi alisinzia mezani kijiko kikiwa mkononi, uji haujapoa.

Nimesoma ajali ya New York ya Desemba 1, 2013. Dereva alisinzia, treni ikaingia kwenye kona kwa kilomita 132 kwa saa, mahali pa 48. Watu 4 walifariki. Hakuwa amelewa, wala hakuwa kwenye simu. Alikuwa amehamishwa zamu wiki mbili tu nyuma, hivihivi, na alipopimwa baadaye akakutwa na ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini.

Mume wangu hataki hospitali, anaogopa kusimamishwa kazi, na watoto wanasoma. Waliopitia haya, tuanzie kwa daktari gani? Kipimo chenyewe mtu analazwa? Na nikienda kumweleza mkuu wake, si nitakuwa nimemchongea?